Wino wa Sindano

Kikima, Mbooni
Jumapili, tumetoka ibada

Kwa mume wangu, Baba Imani,

Nakusalimu kutoka huku milimani, ambako asubuhi ukungu unakaa kwa shamba la mahindi kama mtu amealikwa. Kabla ya lolote, mgongo wako unaendeleaje? Usiniambie uko sawa kwa sababu unataka nisiwaze. Niambie kama unaweza kuinama ukakamua ng'ombe au kama bado shemeji Ekisa ndiye anakuja kukukamulia. Na Mama, ile dawa yake ya presha anakunywa kila siku au anaruka siku zile anajisikia mzuri? Imani je? Jino la mbele limeota au bado anacheka na pengo? Mwambie nimelala nikimuota, naye alikuwa amevaa viatu vyangu.

Mimi ni mzima. Nimeandika maneno hayo kwanza kwa karatasi ya kujaribia, nione kama nitaweza kuyaandika. Sina jeraha, sijafutwa kazi, sina kesi. Shika hayo halafu usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Uliponipigia Ijumaa usiku ukauliza mbona sauti yangu iko hivyo, nilikuambia ni homa ya baridi. Haikuwa homa. Unajua chumba changu, ukuta wake ni mwembamba hata jirani akipiga chafya mimi ndiye namwambia pole. Singeweza kukusimulia kwa simu mambo haya huku wanaosikia upande wa pili ni watu wale wale waliokuwemo. Kwa hivyo nimenunua bahasha. Mwalimu mwenzangu anasafiri kesho Nairobi, ameahidi kuiweka kwa basi la Busia.

Ilianza na printa. Ile niliyonunua kwa mwalimu aliyehamishwa, ambayo huwa natumia kuchapa mitihani ya shule, nyimbo za kanisa na programu za mazishi. Wino uliisha mahali pabaya kabisa. Mitihani ya kufunga muhula ilikuwa haijatoka, na familia moja ya hapa juu ilikuwa imeniletea programu ya nyanya yao, Susu Kalekye. Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba. Walitaka picha yake ya rangi ukurasa wa mbele, amevaa kitambaa chake cha Mothers' Union, kile cha akina mama wa kanisa, na mazishi yalikuwa yamekaribia.

Nilikupigia tukashauriana, unakumbuka. Ukasema ninunue katriji mpya. Lakini mpya haziko Kikima. Ni kushuka mpaka mjini Wote, siku nzima iishie barabarani, na bei yake karibu inunue printa nyingine. Njia ya pili ilikuwa nipeleke kazi saiba, lile duka la kompyuta la sokoni. Familia ya Susu wangekubali, lakini mitihani singethubutu. Muhula uliopita mwalimu mmoja alichapisha huko karatasi ya hesabu, na watoto wakaja darasani na majibu kabla ya maswali. Ikabaki njia ya tatu, kujaza.

Kuna kijana anaitwa Kyalo, anatengeneza simu kwa kibanda karibu na posta. Nilimpelekea katriji mbili zile, ya nyeusi na ya rangi, akazigeuza geuza kama mtu anachagua parachichi.

"Madam, mpya ni ya nini? Hiyo mpya unanunua plastiki. Wino ni wino. Unatoa hii karatasi ya juu, unaona tumashimo hutu? Unadunga sindano pole pole, unajaza, unafunika na selotepu. Basi."

"Na ikiharibika?"

"Ikiharibika uniletee mimi, usipeleke kwa pastor."

Nilicheka, nikanunua chupa zake nne ndogo, nyeusi, bluu, njano na nyekundu. Sindano hakuwa nazo. Akanituma kemisti, akasema nichukue kila rangi na sindano yake zisichanganyikane.

Pale kemisti kulikuwa na foleni. Nilipoitisha sindano nne, zile kubwa, dada anayeuza akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Nilikuwa na haraka. Nikamjibu, "Hapana, ni kakazi kangu tu ka nyumbani." Nimeyarudia maneno hayo kichwani mpaka yamechoka. Ningeongeza neno moja tu, wino, pengine nisingekuwa nakuandikia barua hii.

Jumamosi ndiyo nilijaza. Nilitandaza magazeti kwa meza, nikavaa mifuko ya plastiki mikononi. Nyeusi ilikubali vizuri. Nilipofika kwa rangi, Mumbua akabisha.

Sijawahi kukuambia sana habari ya Mumbua. Ni binti wa jirani yangu wa mlango wa tatu, mama yake anauza nguo za mitumba. Ni rika la Imani, na pengo la meno ni lile lile. Huwa anakuja kuomba karatasi zilizochapwa upande mmoja, achore upande wa pili. Mimi humpa, halafu namwacha akae, kwa sababu nikisikia mtoto akipumua akichora, jioni inapita bila kuniuma. Siku hiyo alitaka kusaidia. Akashika chupa ya nyekundu huku mimi nikivuta na sindano, na chupa ikateleza. Ikammwagikia vidole, ikatiririka mpaka kiwiko. Yeye akacheka. Mimi nikamkimbiza bombani uani, nikamsugua na sabuni, sabuni ikakataa. Maji yalikuwa yakiteremka mfereji yakiwa mekundu, yakipita kando ya mboga za sukuma za watu. Nikarudi ndani nikachukua pamba na spiriti, ile ya kusafisha kichwa cha printa, nikampanguza mkono mzima.

"Madam, inanuka hosi," akasema.

"Inanuka hospitali lakini inatoa," nikamjibu.

Akaenda kwao na mkono safi, umebaki rangi ya waridi kidogo kwa kucha. Nikafunga sindano tatu zilizochafuka na pamba kwa karatasi ya plastiki, nikatupa shimo la taka la ploti, la wapangaji wote. Nikachapa mitihani ya madarasa mawili, nikalala nikijisifu.

Jumapili Mumbua hakuonekana kanisani. Niliporudi nilisikia kwamba pua yake imetoka damu, anatapika, na hana nguvu ya kusimama. Nikapitia mlangoni kwao na machungwa. Mama Mumbua alifungua nusu. Hakunikaribisha. Aliangalia mikono yangu, na mikono yangu, Baba Imani, ilikuwa bado nyekundu kwenye mikunjo.

"Amelala," akasema, akafunga.

Nilidhani ni wasiwasi wa mama. Lakini jioni nilipoenda kuteka maji, wanawake wawili waliokuwa bombani waliinua mitungi yao haijajaa, wakaondoka. Mtoto mmoja alinikuta kwa kona akapiga nduru kama ameona nyoka.

Aliyenifungua macho ni Ndinda. Huyo ni mwalimu wa darasa la kwanza, mzaliwa wa hapa, ndiye rafiki yangu. Jumatatu darasa langu lilikuja nusu. Wakati wa chai Ndinda akanivuta nyuma ya jikoni ya shule, akaniwekea simu sikioni. Kulikuwa na sauti ya mwanamume inazunguka kwa magrupu ya WhatsApp, anasema kuna watu wametumwa Ukambani kunyonya watoto damu, wanakodi nyumba kama walimu na manesi, wanatumia sindano, wanauza damu mjini. Sauti yenyewe haikusema Kikima. Haikunitaja mimi. Lakini chini yake mtu alikuwa ameandika: *Na yule Mluhya wa ploti ya juu ananunua sindano za nini?*

"Ndinda, ni wino."

"Mimi najua ni wino. Mtoto amemwambia mama yake ati madam alimpanguza mkono na pamba ya daktari. Na watu wameona maji mekundu kwa mfereji. Nafula, usirudi kwako leo."

Nilimwambia lazima nirudi, mitihani ya kesho ilikuwa pale ndani, na programu ya Susu pia. Ukweli ni kwamba sikuamini. Mtu hawezi kuamini ghafla kwamba watu waliokuwa wanamwambia habari ya asubuhi wanamwona mnyonya damu. Ndinda akasema basi twende pamoja, mchana bado, tuchukue vitu tutoke. Njiani alikuwa anapiga simu kwa Kikamba. Sikujua anampigia nani.

Tulikuwa ndani, nakusanya karatasi, wakati kelele zilianza. Mwanzo zilikuwa kama za watu wanatoka mpira. Ndinda akachungulia dirishani, akavuta pazia haraka.

Walikuwa wamejaa uani. Wanawake wa ploti, mama mwenye sukuma za kando ya mfereji, vijana wa stegi ya bodaboda, watu wa sokoni ambao siwajui hata kwa sura. Walikuwa wamechokora shimo la taka. Mmoja alikuwa ameinua sindano yangu kwa kijiti, ndani kukiwa bado na ule wekundu, na kila aliyeiona alipaza sauti neno lile lile. "Nthakame! Nthakame!" Hilo hata mimi nalijua. Ni damu.

Aliyekuwa mbele ni dereva wa boda anaitwa Musyoka. Huyo amenibeba mara nyingi na gunia langu la makaa. Akagonga mlango na ngumi.

"Madam! Toka utuelezee hii ni nini!"

Nilijibu nikiwa ndani. "Ni wino ya printa, Musyoka!"

"Wino ya nini inadungwa na sindano? Kalamu inaugua?"

Wengine walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha meno tu. Halafu simu ya mtu ikalia, na watu wakamgeukia kusikiliza. Mama Mumbua alikuwa amempeleka mtoto hospitali. Yule mwenye simu akapaza sauti, "Daktari amesema damu ya mtoto iko chini! Damu imepungua!"

Baba Imani, sijui nikuelezee vipi. Ile sauti haikuwa ya watu tena. Jiwe la kwanza lilianguka kwa mabati juu yetu. Lingine likapiga dirisha. Ndinda alinisukuma chini ya meza. Na pale chini, kupitia upenyo wa mlango, nilisikia mtu akisema "tairi," ile ya kumchomea mtu. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anaitisha chumvi mezani. Hiyo ndiyo sauti inaniamsha mpaka leo, si zile za kelele.

Nilikuwa nawaza tu kwamba Imani ataambiwa. Kwamba mtu atakuja hapo nyumbani, asimame chini ya mti wetu wa matunda, ule wa loquat, akuambie jambo ambalo mke wako hakulifanya, na wewe hutakuwa na njia ya kujua.

Ndinda ndiye alifungua mlango. Usiniulize alipata wapi moyo, ni mwanamke mfupi, kichwa chake kinafika begani kwangu. Alisimama mlangoni na kushika fremu pande zote mbili, akaanza kuwasemesha kwa Kikamba. Nilishika vipande tu. Alikuwa anawaita kwa majina, mmoja mmoja. Wewe mwana wa fulani. Wewe niliyekufundisha kusoma. Niliona mawe yakibaki mikononi. Hawakuyatupa, wala hawakuyaweka chini.

Halafu watu wa nyuma wakapisha. Alikuja naibu wa chifu, Bi. Katunge, na gumbuti na mwavuli, ametembea kwa matope mpaka magotini. Kumbe ndiye Ndinda alikuwa anampigia. Hakuwa na askari. Aliniangalia chini ya meza, akasema, "Toka hapo, mwalimu. Ukikaa chini ya meza wataona umejificha."

Nilitoka.

"Unasema ni wino."

"Ni wino, chifu."

"Basi fanya vile ulifanya. Fanya nikiona." Akageuka uani. "Musyoka ingia. Wewe mama wa sukuma pia ingia. Wengine mkae hapo hapo, na mtu akirusha jiwe nikiwa ndani, nitajua amenirushia mimi."

Waliingia. Chumba changu kidogo kikajaa pumzi zao. Nikafungua katriji ya rangi, nikachukua chupa na sindano moja iliyokuwa haijatupwa. Ncha ilikuwa inakosa shimo na kugonga plastiki pembeni, tik tik tik. Nyekundu ikafurika tena, ikanimwagikia mpaka mkononi juu, tone likaruka kwa mwavuli wa chifu. Mama wa sukuma akarudi nyuma na kumwita Mungu, "Ngai!" Musyoka hakusogea. Alikuwa anaangalia sindano, jiwe likiwa bado mkononi.

Nikarudisha katriji, nikawasha. Sikuchagua cha kuchapa. Kilichokuwa tayari kwa kompyuta ni programu ya Susu Kalekye, nikabonyeza hiyo.

Karatasi ya kwanza ilitoka nyeupe tupu.

Sijawahi kuogopa karatasi maishani. Mama wa sukuma akamwangalia Musyoka, Musyoka akamwangalia chifu. Uani mtu akauliza, "Anasema nini?" Ndinda akaninong'onezea, "Jaribu tena, tena." Nikabonyeza cha kusafisha kichwa, mashine ikaanza kuguna. Ikaguna, ikanyamaza, ikaguna, mpaka nikadhani stima imepotea. Halafu ikavuta karatasi ya pili. Kitambaa cha kichwa kikatoka, kikiwa na mistari mistari. Paji la uso. Macho. Alitoka mwekundu kupita kiasi, kama mtu aliyekaa karibu na moto, na mstari mweupe ulimpita shavuni. Lakini alikuwa yeye, na tabasamu yake ya meno mawili.

Musyoka aliweka jiwe kwa meza yangu, taratibu, kama mtu anaweka kikombe cha wenyewe. Akachukua ile karatasi na mikono miwili.

"Ni Susu," akasema. "Huyu ndiye alinipokea nikizaliwa. Mama yangu alijifungulia kwake."

Akatoka nayo uani, akaiinua. Sikuona nyuso zao, niliona migongo tu, ya wale waliojipanga kumwangalia. Wazee wawili walivua kofia. Kelele ikashuka. Wengine wakaanza kuondoka kwa pembeni, kila mmoja akijifanya alikuwa anapita tu.

Lakini si wote. Mtu akasema, "Sawa, hiyo ni picha. Na mtoto je?" Na wengine wakaitikia. Kwa sababu hiyo ilikuwa kweli, mtoto alikuwa mgonjwa na picha haikuponya mtoto.

Tulikaa hivyo, chifu amesimama mlangoni, mimi nimeketi kitandani na mikono juu ya magoti, nyekundu mpaka kwenye viwiko, naogopa hata kuipangusa. Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya kilima wakati boda iliingia na Mama Mumbua, mtoto amelala mgongoni.

Watu walimzunguka. Akasimama katikati, amechoka, leso imeteleza kichwani. Akasema daktari amempima. Mtoto ana malaria, na tena minyoo, na ndiyo imempunguzia damu. Likizo ile fupi alikuwa kwa nyanya yake kule Mutomo, ndiko aliumwa na mbu. Amepewa dawa, atapona.

Nikapumua. Halafu mwanamke mmoja akafunua leso aone mtoto, akapiga ukelele. Mkononi mwa Mumbua, pale pale kwenye kiwiko, kulikuwa na plasta na pamba yenye damu.

Watu walisukumana. Nilisikia Bi. Katunge akiita majina na hakuna aliyemsikia. Nikasimama, sijui nilitaka kukimbilia wapi. Mlango ni mmoja.

"Hii ni ya hospitali!" Mama Mumbua alipiga kelele. "Ni ya hospitali, nilikuwa nimemshika mwenyewe wakimtoa damu ya kupima! Nyinyi mnataka nini? Mnataka niseme tena kile nilisema jana?" Akarudisha leso kichwani. "Mimi ndiye nilisema. Nilikuwa naogopa, nikasema. Sasa nasema ingine."

Akawapita. Akaja mpaka mlangoni kwangu, akamfungua Mumbua mgongoni, akanipa nimbebe. Mbele ya watu wote.

Nilisita, Baba Imani. Mikono yangu ilikuwa vile ilikuwa. Niliwaza, nikimgusa, rangi itamshika, watasema waonavyo. Nikampokea kwa mikono ya juu, viganja nimevigeuzia nje, kama mtu anabeba unga bila bakuli. Mumbua alikuwa na joto. Akafungua macho, akaniona, akaniuliza kwa sauti ndogo kama karatasi zake za kuchora bado ziko.

Nililia. Nadhani Mama Mumbua pia alilia. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Usiku huo nililala kwa Ndinda na siku zilizofuata pia. Mitihani ilifanyika, programu za Susu nilimalizia, mstari ule wa shavuni uliondoka nilipokisafisha kichwa cha printa tena, naye akazikwa. Mwalimu mkuu aliniita akaniambia shule inanihitaji na ataongea na wazazi. Ijumaa nilirudi chumbani kwangu. Nilikuta mlangoni sukuma na parachichi, hakuna aliyesema ni za nani. Musyoka akiniona barabarani anasimamisha pikipiki ananisalimia kwa heshima mpaka naona aibu. Wanawake wa bombani wananipisha niteke kwanza. Kila mtu ni mwema sasa, na wema huo unaniogopesha karibu sawa na mawe, kwa sababu naona vile umegeuka haraka, na kilichogeuka haraka kinaweza kurudi.

Ya wino nimeamua. Sitarudi kwa katriji mpya, na sitajaza tena nyumbani mlango ukiwa umefungwa. Kyalo amenipa nafasi kwenye benchi yake nje ya kibanda. Katriji zikiisha nitaenda nazo pale, nijaze mbele ya wapita njia, anayetaka kuona aone. Jana nimejaza hivyo mara ya kwanza. Watu walisimama. Mzee mmoja aliuliza kama rangi ya njano ni tamu. Nilimaliza bila kumwaga, lakini nilipofika nyumbani nilitapika.

Na Mumbua amepata nafuu. Leo asubuhi kabla ya kanisa alibisha. Najua kubisha kwake, anagonga chini ya mlango na kiatu. Nikakaa kitandani nikashika pumzi. Nilimsikia akingoja, akaita "Madam," akangoja tena, akaenda. Sikufungua. Mimi, mtu aliyekuwa anahesabu jioni kwa kungoja mtoto huyo.

Ndiyo maana nakuandikia. Ndinda aliniambia jambo. Aliniambia, "Hapa watu hawajui watu wako, Nafula. Wanakuona kama mtu aliyeanguka kutoka mawinguni na begi." Kwa hivyo nakuomba, shule zikifungwa, usiniambie nije nyumbani. Njoo wewe. Njoo na Imani. Mgongo ukiuma tutaukanda huku. Nataka utembee na mimi mpaka sokoni mchana, ununue nyanya, ubishane na watu bei, watu wakuulize wewe ni wa nani. Nataka Imani acheze uani na Mumbua, wagongane, walie, niwapanguze pua wote wawili mlango ukiwa wazi. Nataka wakijua jina langu wajue pia kwamba kuna mtu nikikosekana atakuja kuniulizia.

Naogopa, baba. Sijawahi kukuandikia neno hilo tangu tuoane. Naogopa, na sitaki kuondoka, na siwezi kubeba yote mawili peke yangu.

Nisalimie Mama mkwe, lakini usimsomee kurasa za katikati, msomee mwanzo na mwisho. Nisalimie shemeji Ekisa, umwambie Mungu ambariki kwa kukamua. Nisalimie dada yangu Nekesa ukimwona soko la Malaba, na Kukhu, nyanya yangu huko Butula, aendelee kuniombea kwa jina langu la utoto, hilo ndilo Mungu analijua zaidi. Imani mbusu pale kwenye pengo.

Ukifika stegi ya Kikima usiulize ploti. Uliza kwa Mwalimu Nafula, halafu useme kwa sauti kwamba wewe ni mume wake.

Mkeo anayekungoja,
Nafula, Mama Imani